Vuta pumzi mama, lakini usisahau kupima presha

Mama mja mzito akilalamika kuwa kichwa kinamgonga, tumezoea kumpa maneno mawili matatu ya kumliwaza. Kaa kivulini, mama. Kunywa maji. Vuta pumzi, hayo ni mambo ya mimba tu. Mara nyingi maneno hayo huwa ya kweli, na kichwa hupoa kabla ya jua kutua. Lakini ziko siku ambapo maneno hayo hayo humchelewesha mama, na kuchelewa huko kukamgharimu maisha yake au ya mtoto. Wiki hii, msomaji mpendwa, nataka tuzungumze juu ya hiyo pumzi. Inamsaidia vipi mama mja mzito mwenye shinikizo la damu? Na msaada wake unakomea wapi?

Nimechagua kuzungumza nawe nikiwa na Diff akilini. Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia, nchi ya ngamia, mbuzi na miti ya miiba. Mama wa huko akizidiwa usiku, hospitali kubwa ziko mbali, katika mji wa Wajir au kule Garissa. Njia ni ya mchanga wakati wa kiangazi, na mvua zikinyesha inageuka kuwa matope ambayo hata lori hunasa. Mafuriko ya El Nino ya mwishoni mwa 1997, na yale ya mwishoni mwa 2023, yalikata barabara nyingi za Kaskazini Mashariki. Kwa hiyo anachofanya mama wa Diff akiwa nyumbani, na saa anayoamua kuondoka, ni mambo mazito kuliko kwa mama anayeishi hatua chache kutoka hospitali.

Takwimu zenyewe zinasikitisha. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, akina mama wapatao 355 hufariki kwa sababu za uja uzito na uzazi. Katika kaunti ya Garissa, jirani ya Wajir, hesabu hiyo ilikuwa 641. Nyeri ilikuwa 67. Mimba ni ile ile, tena ni nchi moja. Muuaji wa kwanza wa akina mama waja wazito duniani ni kutokwa na damu nyingi, na presha humfuata kwa karibu.

PRESHA YA MIMBA NI NINI?

Wasomali huuita ugonjwa wa presha "dhiigkar", yaani damu inayochemka. Jina hilo limebeba picha nzuri, lakini lina hatari yake. Linamfanya mtu adhani kwamba damu ikichemka lazima ataisikia: atahisi joto, moyo utamwenda mbio, au atakuwa mtu wa hasira. Sivyo. Mama anaweza kuwa na presha ya juu sana huku anachunga, anachota maji na kucheka na wenzake. Hakuna mkono, jicho wala mkunga hodari awezaye kuijua presha kwa kumtazama mtu. Ni mashine tu inayoijua.

Mashine hiyo hutoa hesabu mbili. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya pili ni nguvu yake moyo unapopumzika. Mama mja mzito akipata 140 juu au 90 chini, au zaidi, na ikathibitishwa kwa kupimwa tena, huyo ana presha. Ikifika 160 au 110, hiyo ni dharura na haingoji kesho.

Wako wanaoingia katika mimba wakiwa tayari na presha. Wengine huipata baada ya wiki ya 20 ya uja uzito. Ikiwa pamoja na presha hiyo mkojo una protini, au figo, ini au damu yenyewe imeanza kuharibika, madaktari huiona kuwa ni hali inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba. Kati ya kila waja wazito 100, wawili hadi wanane hupatwa na hali hiyo. Chanzo chake hasa kiko kwenye kondo la nyuma, ambalo mishipa yake ya damu haikujipanga vizuri tangu mwanzo wa mimba. Kondo hukosa damu ya kutosha, kisha hutoa vitu vinavyoharibu mishipa ya mama mwilini kote.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Mama huyu hakujiletea ugonjwa kwa kununa, kwa kugombana na mke mwenzake, au kwa kuwa na roho ndogo. Wala aliyeanguka na kutupa mikono na miguu hakupagawa na jini. Anayemwita mganga wa kumpunga mama huyo anapoteza saa ambazo hazitarudi.

PUMZI INAFANYA KAZI GANI MWILINI

Mtu mzima akiwa ametulia huvuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiwa na hofu huvuta nyingi zaidi, tena fupi fupi za juu ya kifua. Mwili huelewa kwamba kuna hatari, moyo hukimbia na mishipa hukaza.

Mtu akipunguza pumzi zake hadi kama sita kwa dakika, akazitoa taratibu kuliko anavyozivuta, mambo hugeuka. Kila tunapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo. Kuna neva ndefu itokayo kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni ambayo kazi yake ni kutuliza, na pumzi ndefu huiamsha. Mishipa nayo hulegea. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wa kawaida wenye presha umeonyesha kuwa kupumua polepole kila siku kunaweza kushusha hesabu ya presha kwa pointi chache. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilikubali kwamba kupumua polepole kwa kuongozwa na chombo maalum kunaweza kutumiwa pamoja na matibabu ya kawaida. Tafadhali lishike hilo neno "pamoja".

Kwa waja wazito, uchunguzi uliopo ni mdogo. Unaonyesha kwamba mazoezi haya huondoa wasiwasi na husaidia kupata usingizi. Hakuna ushahidi kwamba yanazuia kifafa cha mimba, kwa sababu pumzi haiwezi kulitengeneza kondo la nyuma ambalo lilijipanga vibaya.

JINSI YA KUFANYA

Pamoja na hayo, zoezi hili halina gharama wala halihitaji umeme, na mama yeyote anaweza kulifanya kwenye mkeka wake. Fuata hatua hizi.

Chagua wakati wa baridi, asubuhi au baada ya sala ya isha. Usifanye wakati wa jua kali la mchana wa Diff. Kunywa maji kidogo kwanza.

Kaa ukiwa umeegemea ukuta au mto, au ulale kwa ubavu wa kushoto. Usilale chali. Mimba ikishapita nusu ya safari yake, tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mama huweza kuhisi kizunguzungu.

Weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu polepole moja hadi nne. Mkono wa tumboni ndio unaotakiwa kuinuka, wa kifuani utulie.

Toa pumzi kwa mdomo kama anayepoza chai, ukihesabu moja hadi sita. Usizuie pumzi katikati. Zile mbinu za kubana pumzi kwa muda mrefu si za mama mja mzito.

Ukihisi kizunguzungu, au midomo na vidole vikianza kuwasha kama vimekufa ganzi, acha. Pumua kama kawaida mpaka hali itulie.

Huna saa? Chukua tasbihi. Pumzi moja kwa namna hii huchukua kama sekunde 10. Tasbihi ndogo ina punje 33. Ukisogeza punje moja kwa kila pumzi, ukimaliza mzunguko umetumia dakika tano na nusu, na hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukizoea, fanya mizunguko miwili, asubuhi na usiku. Anayependa atoe pumzi akimtaja Mola wake. Mwaka 2001 wachunguzi nchini Italia walitangaza kuwa watu waliosoma sala ya rozari kwa Kilatini, au maneno ya ibada ya Kihindi, walijikuta wanapumua kama mara sita kwa dakika bila kuambiwa. Wazee wetu waliokaa na tasbihi baada ya sala huenda walikuwa wakiupa moyo pumziko pasipo kujua.

Zoezi hili lina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mama akitembea kwa mguu hadi kliniki juani, akafika akitweta na kupimwa papo hapo, presha yake inaweza kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Kabla ya kupimwa, kaa dakika tano. Egemeza mgongo, miguu ikanyage chini bila kukunjwa, mkono uwe umewekwa mahali ulingane na moyo. Usizungumze. Pumua polepole. Hesabu itakayopatikana hapo ni ya kuaminika. Ikiwa juu hata baada ya utulivu huo, mpe muuguzi nafasi afanye kazi yake, wala usimwambie ni uchovu wa njia.

DALILI YA MVUA NI MAWINGU

Sasa tufike pale pumzi inapokomea. Tuchukue mfano wa mama wa Diff mwenye mimba ya miezi minane. Jioni kichwa kinamuuma. Anaketi na tasbihi yake, anapumua, anapata nafuu kidogo. Usiku kichwa kinarudi, na sasa anaona kama nyota zinamwekaweka machoni. Anarudia zoezi. Jirani anamsifu kwa ustahimilivu. Alfajiri anaanguka kwa degedege, na gari bado halijatafutwa. Mama huyo hakukosa pumzi. Alikosa saa kumi.

Ukiwa mja mzito, ukaona mojawapo ya mambo haya, weka tasbihi mfukoni na uondoke: kichwa kinachouma sana na kisichopoa, macho kuona ukungu, nuru au nyota, maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, kukosa pumzi, kutapika kusikoeleweka katika miezi ya mwisho, mkojo kuwa haba, mtoto kupunguza kucheza. Miguu kuvimba kidogo ni kawaida kwa waja wazito wengi, lakini uso kuvimba si jambo la kulala nalo.

Na hatari haiishi siku ya kujifungua. Kuna akina mama waliojifungua salama, wakapongezwa, kisha wakapatwa na kifafa siku ya pili au ya tatu. Hatari inaweza kuendelea hadi wiki sita. Kwa hiyo mama aliye ndani ya arobaini akisema kichwa kinamuuma sana, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Apimwe presha.

Mama akipatwa na degedege, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Ondoeni vitu vya kumuumiza, msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimpe maji. Tafuteni gari wakati huo huo.

KWA NINI HOSPITALI?

Wako wanaouliza, hospitali itamfanyia nini ambacho nyumbani hakiwezekani? Mambo matatu.

Kwanza, dawa za kushusha presha ambazo ni salama kwa mimba, kama methildopa na nifedipini. Nasisitiza salama kwa mimba, maana baadhi ya tembe za presha anazotumia bibi humdhuru mtoto aliye tumboni. Usiazime dawa ya presha ya mtu. Na kama ulikuwa ukitumia dawa kabla ya kushika mimba, usiziache kimya kimya. Mwambie daktari azibadilishe.

Pili, sindano ya magnesiamu. Hii ni dawa ya bei nafuu na ya zamani. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa 2002, uliowahusisha akina mama wapatao 10,000 katika nchi 33, ulithibitisha kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupatwa na kifafa cha mimba. Hakuna pumzi inayoweza kufanya hivyo.

Tatu, kuzalishwa. Tiba ya mwisho ya ugonjwa huu ni mtoto na kondo kutoka. Wakati mwingine mama huanzishiwa uchungu, wakati mwingine hufanyiwa upasuaji. Najua upasuaji unaogopwa sana Kaskazini Mashariki, na mwanamke anayetaka watoto wengi huhofia kuwa kisu kitamfungia kizazi. Hofu hiyo izungumzwe na daktari mapema, isingojwe mpaka usiku wa dharura.

Iko pia kinga ya mapema. Ikiwa hii ni mimba yako ya kwanza, au umebeba mapacha, au uliwahi kupata presha katika mimba iliyopita, au una kisukari au ugonjwa wa figo, au mama yako ama dada yako alipatwa, mwambie muuguzi mara ya kwanza unapokwenda kliniki. Kwa baadhi ya akina mama daktari huamuru aspirini ya kiasi kidogo kila siku, kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu wa mimba. Usijinunulie dukani, wacha apimaye ndiye aamue. Madini ya kalisi nayo husaidia kwa wanaokula chakula kisicho na madini hayo ya kutosha. Nchi ya ngamia ina bahati, kwani maziwa ni hazina ya kalisi. Lakini tulishuhudia ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa na watu wakabaki na chai ya rangi. Wakati kama huo uliza kliniki kama kuna vidonge vya kalisi. Na miraa, mama, iache. Huukimbiza moyo na hupandisha presha.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama ahudhurie kliniki mara nane. Kwa mwenye kuhamahama na mifugo hilo si jambo dogo. Hata hivyo kila mara unapopita karibu na zahanati, ingia, omba presha ipimwe na mkojo uangaliwe. Usitoke bila hesabu yako kuandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto, nawe uijue kwa kichwa kama unavyojua hesabu ya mbuzi wako.

NENO KWA BABA NA MAMA MKWE

Katika nyumba nyingi za Diff, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Kenya, mama hawezi kuondoka mpaka mume aseme. Na mume huenda yuko malishoni na ngamia, au sokoni Garissa, au kazini Nairobi, na simu haishiki. Baba, toa ruhusa hiyo leo. Mwambie mkeo mbele ya mama yako na ndugu zako: ukiona dalili, usinisubiri. Weka pesa za gari kando. Tafuta mwenye gari mapema na uchukue nambari yake. Jua ni ndugu gani atakayekubali kutoa damu. Iandikishe familia katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ili karatasi zisiwe kikwazo mlangoni.

Nawe mama mkwe, na wewe mkunga wetu, ummuliso, sauti yako ina nguvu kuliko ya daktari wa mbali. Ukisema "mpelekeni", watampeleka. Mfundishe mkaza mwana kupumua na kutulia, ni elimu nzuri. Kisha fuatana naye hadi kliniki. Ndani ya gari, njia ikiwa mbovu na mama akiwa na hofu, hapo ndipo hesabu ile ya nne na sita itakapomfaa sana. Mshike mkono mhesabu pamoja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa jambo hili naongeza ule mwingine, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Presha haionekani, ndiyo maana ni rahisi kuificha hata pasipo kukusudia. Basi mama, pumua asubuhi, pumua usiku, lakini hesabu yako ya presha uipate kwa mashine.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia afya njema nyinyi na hao mliowabeba.